Steringi, Adui na Mshukiwa: Lugha ya Tamthilia za Upelelezi za Kigeni Isikikavyo Ifakara

Kisanduku kinachopokea mawimbi ya televisheni na kuyageuza kuwa picha kimepewa na watu wetu jina la king'amuzi. Jina hilo limetokana na kitenzi kung'amua, yaani kulitambua jambo ambalo halikuwa wazi. Jina limesadifu, kwa kuwa miongoni mwa mambo yanayopitia katika kisanduku hicho na kupendwa sana ni tamthilia za upelelezi kutoka nchi za kigeni, ambazo kazi yake yote ni kung'amua. Makala haya yanauliza maswali mawili. La kwanza: ni kitu gani kinachomvuta mtazamaji wa Bonde la Kilombero akakesha na tamthilia ya namna hiyo, ilhali lugha inayosemwa ndani yake haijui? La pili: Kiswahili kinapoingia kati ili kumsaidia, humwongezea utamu huo au humpunguzia?

Hatudai kwamba kila tamthilia itakayotajwa hapa imeonyeshwa Ifakara. Tumezichagua kwa sababu zinadhihirisha matatizo ambayo mfasiri hukutana nayo, na kwa sababu matatizo hayo ndiyo yale yale yanayomkabili karani wa mahakama, mwalimu wa uraia na mwandishi wa habari.

Mfasiri wa banda

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, na televisheni ya Taifa ikafuata miaka michache baadaye. Katika miaka ya kungoja, na hata baada yake, watu wengi wa Bara walizijua filamu za kigeni kwa njia ya mikanda ya video iliyoonyeshwa katika mabanda kwa kiingilio kidogo. Mji wa Ifakara, ulio kati ya milima ya Udzungwa na mbuga za Mto Kilombero, nao una desturi hiyo. Baada ya kazi za mpunga, au baada ya kushuka kwenye treni ya TAZARA, mtu huketi katika benchi na kutazama mambo ya Hong Kong, Bombay, Los Angeles na siku hizi Seoul na Istanbul.

Hapo ndipo alipozuka mfasiri wa banda. Yeye haandiki maneno chini ya picha. Hushusha sauti ya filamu na kuweka yake. Huwasemea wahusika wote, waume kwa wake, hueleza yaliyopita na kuonya juu ya yajayo. Dar es Salaam alipata sifa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya wanamjua DJ Afro. Na Uganda kazi hiyo hufanywa kwa Kiganda. Wasomi wengine wameidharau kazi hii kwa kuwa haifuati kanuni za tafsiri. Lakini mtu huyu ndiye mfasiri anayesikilizwa na watu wengi zaidi ya wale wanaosoma orodha zetu za istilahi, na hivyo tuna wajibu wa kuipima kazi yake kwa makini, tukisifu panapostahili na kukosoa panapopungua.

Maneno mawili hayatoshi

Lugha ya banda imejengwa juu ya maneno mawili, steringi na adui. Steringi ni shujaa wa filamu, na mtoto mdogo anajua kwamba steringi hafi. Adui ni yule atakayepigwa mwishoni. Maneno haya yalizaliwa katika filamu za ngumi na za bunduki, na katika filamu hizo yanatosha kabisa, kwa sababu tangu mwanzo kila mtu anajulikana upande wake.

Tamthilia ya upelelezi haikujengwa hivyo. Ndani yake adui yupo, lakini hajulikani. Anakaa mezani pamoja na wengine, anakunywa chai, na pengine ndiye anayelia kuliko wafiwa wote. Mfasiri anayeingia katika tamthilia hiyo na maneno yake mawili hulazimika kumtangaza adui kabla ya wakati, au kumwita adui mtu ambaye baadaye ataonekana hana kosa. Kwa njia zote mbili hadithi imekwisha kuuawa kabla ya maiti ya kwanza kuzikwa.

Huenda msomaji akapinga kwamba si lazima adui afichwe. Pingamizi hilo lina nguvu. Katika tamthilia ya Kimarekani iitwayo Columbo, iliyotangulia kwa filamu ya mwaka 1968 na kuendelea kwa vipindi hadi mwaka 2003, mtazamaji kwa kawaida humwona muuaji akiua mwanzoni kabisa. Hakuna siri ya nani. Kinachobaki ni kumtazama mpelelezi mwenye koti kuukuu akirudi tena na tena na swali moja dogo, mpaka muuaji, ambaye aghalabu ni tajiri au msomi, anaswe na maneno yake mwenyewe. Mswahili hashangai. Yeye ana methali isemayo siku za mwizi ni arobaini, na methali hiyo imekwisha kumwambia mwisho wa hadithi. Hamu yake si kujua kama mwizi atakamatwa, bali kuhesabu naye siku, moja baada ya nyingine, mpaka ifike ya arobaini.

Kwa hiyo mvuto wa tamthilia hizi haumo katika fumbo peke yake. Umo katika kupanda ngazi: kutoka tetesi mpaka hakika, kidato kwa kidato, bila kuruka. Anayependa jambo hilo haihitaji lugha ya kigeni ili alipende. Lakini akipewa lugha yake, ni lazima lugha hiyo iwe na vidato vyote.

Hiyo ni dalili tu

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi katika banda moja mjini Ifakara wakati wa mavuno. Katika filamu iliyokuwa ikionyeshwa, mpelelezi alikiinua kikombe, akakinusa, akakirudisha mahali pake. Sauti ya mfasiri, iliyokuwa imerekodiwa pamoja na filamu, ikasema, "Tayari, ushahidi ameupata." Mzee mmoja aliyeketi nyuma akaijibu ile sauti kana kwamba inamsikia: "Bado, kijana. Hiyo ni dalili tu." Watu wakacheka. Filamu ilipokwisha nilimwamkia, nikamwuliza alikuwa na maana gani. Akanijibu, "Mwanangu, ukienda hospitali una homa, daktari hakuandikii malaria papo hapo. Homa ni dalili. Wanakutoa damu kwanza."

Jibu hilo lingeweza kutolewa popote, lakini Ifakara lina mizizi yake. Mji huu una Hospitali ya Mtakatifu Francis, na tangu mwaka 1956 una kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Waswisi, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Wakazi wake wamezoea kuona mbu wakinaswa na kuhesabiwa, na damu ikipimwa kabla ya neno kutamkwa. Watu waliolelewa karibu na maabara wanajua kwamba kati ya kushuku na kujua kuna kazi. Hiyo ndiyo kazi ya mpelelezi, na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya kupendwa kwake katika bonde hili.

Yule mzee alitukumbusha pia jambo la istilahi. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kwa ngazi hii, ila wafasiri wengi huyafanya yote kuwa neno moja, ushahidi. Tuyapange. Tetesi ni maneno yanayopita midomoni bila mwenyewe. Fununu ni habari hafifu, lakini yenye mwelekeo. Dalili ni kitu kinachoonekana au kusikika na kuelekeza kwenye jambo lisiloonekana: unyayo, tone la damu, saa iliyosimama. Ushahidi ni kile kinachoweza kuletwa mbele ya mahakama, ama kwa kinywa cha shahidi, ama kwa kitu. Na kitu hicho kikipokelewa mahakamani huitwa kielelezo. Uthibitisho ni ushahidi uliopimwa ukaonekana unatosha. Mfasiri aliyeita kikombe ushahidi alikuwa ameruka vidato, na mtazamaji aliyekuwa akipanda naye alihisi mguu wake umekosa pa kukanyaga.

Iko ngazi ya pili, ya watu, inayokwenda sambamba na hiyo. Mshukiwa ni yule ambaye shaka imemwangukia. Mtuhumiwa ni yule ambaye shaka hiyo imekwisha kutamkwa juu yake. Mshtakiwa ni yule aliyefikishwa mbele ya mahakama. Akinyimwa dhamana akawekwa rumande, ni mahabusu, wala si mfungwa. Mwenye hatia ni yule ambaye mahakama imemtia hatiani, na mfungwa ni yule anayetumikia kifungo. Ni kweli kwamba katika mazungumzo, na hata katika magazeti, mshukiwa na mtuhumiwa hubadilishana nafasi. Lakini ni hasara kuyaacha yawe kitu kimoja wakati tunayo yote mawili.

Neno linaloweza kuua

Huenda wengine wakaona kwamba haya ni mambo ya starehe, na kwamba afisa wa istilahi ana kazi nyingine. Tungekubaliana nao kama maneno haya yangebaki bandani. Lakini mtu anayetoka bandani anaingia sokoni, na sokoni kuna neno moja linaloruka vidato vyote kwa mara moja: "Mwizi!" Anayelisikia haulizi kama ni mshukiwa au mtuhumiwa. Neno limekwisha kuwa shtaka, hukumu na adhabu kwa pamoja. Magazeti yetu yana msemo uliozoeleka mno wa kueleza kinachofuata: wananchi wenye hasira kali. Msemo huo huwataja waliopiga kwa hisia zao, na mara nyingi aliyepigwa hutajwa katika sentensi hiyo hiyo kuwa mwizi au jambazi, ingawa hakuna mahakama iliyomwona, wala haitamwona tena.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Kanuni hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, na inategemea tofauti ya maneno. Mahali ambapo mshtakiwa na mhalifu ni neno moja katika vinywa vya watu, kanuni hiyo husomwa lakini haisikiki.

Hapa ndipo tamthilia ya upelelezi ina faida ambayo hotuba haina. Inamfanya mtazamaji mwenyewe amshuku mtu asiye na kosa, kisha inamwonyesha kosa lake mwenyewe. Katika nusu ya kwanza anamwambia jirani yake, "Ni huyu mtunza bustani, mtazame macho." Katika nusu ya pili anaona haya kidogo. Mtu aliyeona haya hiyo mara nyingi, huenda siku moja akachelewa kuinua jiwe. Lakini fundisho hilo hutegemea mfasiri. Akiwa amekwisha kumwita mtunza bustani muuaji, mtazamaji hujifunza kwamba mfasiri alikosea. Hajifunzi kwamba yeye mwenyewe aliharakisha.

Vyeo vinavyodanganya

Tugeukie sasa makosa mengine, ambayo hayana hatari hiyo lakini huwapotosha watazamaji. La kwanza ni la vyeo. Columbo ana cheo ambacho kwa matamshi yetu ni Luteni. Kwetu Luteni ni mwanajeshi, na anayesikia hivyo hushangaa jeshi limeingiaje katika kesi ya mke aliyeuawa. Montalbano, wa tamthilia ya Kiitaliano iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2021, na Maigret wa hadithi za Georges Simenon, wana vyeo ambavyo masikioni hufanana na Kamishna. Lakini katika Jeshi letu la Polisi Kamishna ni mkubwa aliye karibu na kilele. Si mtu wa kupekua jalala kwa mikono yake. Derrick wa tamthilia ya Kijerumani, iliyofikisha vipindi 281 kati ya mwaka 1974 na 1998, ni inspekta wa daraja la juu. Mfasiri aliyefuata orodha akimwita Mkaguzi Mkuu, mtumishi wa Serikali atafikiri juu ya hesabu zake, na mwalimu atafikiri juu ya maandalio yake ya somo.

Ushauri wetu ni kwamba vyeo vya polisi wa kigeni visifasiriwe kwa sauti wala kwa neno, bali kwa kazi. Pale ambapo daraja halina maana katika hadithi, "mpelelezi" au "inspekta" inatosha. Pale ambapo daraja lina maana, kwa mfano mdogo anapomkaidi mkubwa, mfasiri aseme "mkubwa wake" na "msaidizi wake", au atumie ngazi yetu wenyewe ya Mkaguzi na Mrakibu, akihakikisha kwamba uwiano ni sahihi.

Neno mpelelezi lenyewe lina mzigo. Hutumika kwa askari anayechunguza wizi, kwa mtu binafsi kama Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tulimjua tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na pia kwa wakala wa siri wa Serikali kama Willy Gamba wa Elvis Musiba. Wazee walikuwa na askari kanzu, neno zuri lililomtambulisha polisi kwa kuvaa nguo za raia. Magazeti yana kachero. Tunapendekeza mpelelezi abaki kwa mtu wa makosa ya jinai, kama ilivyo katika jina la idara yetu ya polisi inayohusika, na jasusi atengwe kwa mtu wa siri za mataifa. Askari kanzu afufuliwe pale ambapo jambo lenyewe ni mavazi.

Kiambishi kinachotunza siri

Jambo la pili linatokana na sarufi, na hapa Kiswahili kinastahili sifa. Shahidi akisema, "Nilimwona akitoka nyumbani," hatujui kama aliyetoka ni mwanamume au mwanamke. Lugha nyingi za Ulaya haziwezi kusema sentensi hiyo bila kutoa siri, au bila kuzunguka sana. Kiambishi chetu a- na kiambishi -mw- ni watunza siri wa kuzaliwa nao. Kadhalika, muuaji, mrithi, jirani na mgeni ni maneno yasiyofichua jinsia. Mfasiri wa banda anayeongeza "yule jamaa" au "yule dada" ili kunogesha, anaitupa zawadi hiyo bure.

Lakini zawadi hiyo ina deni lake. Katika tamthilia za kigeni mara nyingine shahidi huteleza: anamtaja mtu ambaye alidai hamjui, na kiwakilishi alichotumia kinaonyesha kwamba anajua ni mwanamke. Mpelelezi humrukia hapo hapo. Katika Kiswahili mtelezo huo hutoweka, na mtazamaji huona mpelelezi amepata maarifa kutoka mbinguni. Hapo mfasiri hana budi kuujenga upya kwa neno lingine, kama vile "yule mama", liwe dogo kiasi cha kuwapita wasio makini.

Udugu nao hudai uamuzi. Neno moja la Kiingereza hutumika kwa mjomba na kwa baba mdogo. Kama muuaji ni huyo, na sababu ya kuua ni urithi, mfasiri hawezi kuchagua kwa kubahatisha. Katika Mkoa wa Morogoro, ambamo Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana haki ambazo baba mdogo hana, na mtazamaji atazipima sababu za kuua kwa kufuata neno alilopewa. Mfasiri aitazame tamthilia mpaka mwisho ndipo aanze kufasiri mwanzo.

Mahakama isiyo yetu

Jambo la tatu ni mahakama. Wafasiri wengi huita kila anayehukumu hakimu, ilhali kwetu hakimu na jaji ni watu wa mahakama tofauti. Wale raia kumi na wawili wa mahakama za Marekani huitwa wazee wa baraza. Neno hilo si lao. Wazee wa baraza katika Mahakama Kuu yetu walikuwa wakimpa jaji maoni yao, naye hakufungwa nayo; wale wa Marekani ndio wanaoamua hatia. Afadhali kusema "jopo la raia", na mara ya kwanza kueleza kwa maneno machache kwamba uamuzi ni wao. Vilevile, askari wa Kimarekani anapomwambia mtu kwamba ana haki ya kunyamaza, watazamaji huona ni desturi ya kigeni. Mfasiri angeweza kuwakumbusha kwamba kwetu pia mtuhumiwa huonywa kabla ya kuandikwa maelezo yake, na kwamba maelezo hayo huitwa maelezo ya onyo.

Mambo haya yamekuwa na uzito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mtu aliweza kusema kwamba hukumu za mahakama za juu zitaandikwa kwa Kiingereza vyovyote iwavyo. Sasa maneno ya bandani na maneno ya hukumu ni ya lugha moja, na yatagongana.

Hitimisho

Tumeona kwamba mvuto wa tamthilia ya upelelezi ya kigeni kwa mtazamaji wa Bonde la Kilombero ni mvuto wa kupanda ngazi ya ujuzi bila kuruka kidato. Tumeona pia kwamba maneno ya vidato hivyo tunayo, hatuhitaji kuyaunda, tunahitaji kuyatofautisha. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaoandaa orodha za istilahi za sheria na polisi wawaite wafasiri wa filamu mezani, kwa kuwa hao ndio wenye masikio ya watu. Pili, walimu watumie kipindi kimoja cha tamthilia darasani, wakiwataka wanafunzi waandike kila mara ni neno gani linalomfaa mtu yule kwa dakika ile: mshukiwa, mtuhumiwa au mshtakiwa. Tatu, waandishi wa habari wajiulize kabla ya kuandika mhalifu kama kuna mahakama iliyosema hivyo.

Steringi na adui waachiwe filamu za ngumi, ambako wanafaa. Huku kwingine tumfuate yule mzee wa Ifakara, tuseme dalili mpaka damu ipimwe.